Wachezaji 30 katika matope: watangazaji wa raga wa baada ya vita waliwatambuaje?

Msomaji wetu wa Nakuru, anayejifunza kutangaza raga katika redio ya kijamii, anauliza hivi: watangazaji wa zamani wa Uingereza na Nyuzilandi, wale wa miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, waliwezaje kumtaja kila mchezaji bila kusita wakati jezi zimelowa matope, namba hazisomeki na hakuna marudio ya picha? Na je, njia zao zinamfaa mtangazaji wa leo mwenye kompyuta mbele yake?

Ndugu msomaji, zinakufaa sana, pengine kuliko kompyuta hiyo. Watu wale hawakuzaliwa na kumbukumbu ya ajabu. Mechi ya Jumamosi ilikuwa imekwisha kutangazwa vichwani mwao tangu Jumatano, kwa karatasi, kwa karata na kwa kusimama kando ya uwanja wa mazoezi. Nitaeleza walivyofanya, kwa nini walilazimika kufanya hivyo, na mahali ambapo njia zenyewe hukwama.

Kwanza jua hali waliyofanyia kazi. Miaka ya 1940 na 1950 namba za jezi hazikuwa na mpangilio mmoja. Timu ya Wales ilivaa herufi badala ya namba hadi 1949. Katika Visiwa vya Uingereza namba 1 mara nyingi ilikuwa ya fulbeki (mlinzi wa nyuma kabisa), namba 6 ya flaihafu (mpangaji wa mashambulizi ya mabeki) na namba 7 ya skramhafu (anayewaunganisha mafowadi na mabeki), kinyume na mpangilio wa leo unaoanzia kwa propu (wa safu ya mbele) na kuishia kwa fulbeki, namba 15. Timu ngeni ingeweza kuja na utaratibu wake yenyewe. Kwa hiyo namba haikukwambia mtu anacheza wapi. Wachezaji wa akiba hawakuwepo: hadi 1968 aliyeumia katika mechi ya kimataifa alitoka, na wenzake wakamaliza wakiwa 14 au 13. Televisheni ilikuwa nyeusi na nyeupe, na buluu nzito ya Uskoti ikikutana na kijani cha Ayalandi, mtazamaji aliona vijivu viwili vinavyokaribiana. Mpira wa ngozi ulinyonya maji ukawa mzito, basi timu zikabaki kupigana msukumo wa mafowadi, wale wanane wa mbele wa kila timu, na ndani ya fungu la watu 16 wenye rangi moja ya udongo mtangazaji alitakiwa aseme nani ameuchukua.

Bill McLaren ndiye wa kujifunza kwake kwanza, kwa sababu njia yake inajulikana kwa undani na karatasi zake zimehifadhiwa. Alizaliwa 1923 Hawick, mji wa viwanda vya sufu kusini mwa Uskoti, akapigana vita Italia katika kikosi cha mizinga, akarudi kucheza flanka, yaani fowadi wa ubavuni, katika klabu ya Hawick. Mwaka 1947 alishiriki mechi ya majaribio ya timu ya taifa, kisha kifua kikuu kikamkata. Alilazwa takriban miezi 19 katika hospitali ya East Fortune na akawa miongoni mwa wagonjwa wa mwanzo waliopewa streptomaisini, dawa mpya ya ugonjwa huo. Humo ndimo alimoanza kutangaza, akisimulia michezo ya tenisi ya mezani kwa redio ya hospitali. Tenisi ya mezani ni shule kali: mpira unakwenda na kurudi haraka kuliko ulimi, basi unajifunza kuchagua cha kusema na cha kuacha. Mwaka 1953 alitangaza Uskoti dhidi ya Wales kupitia redio ya BBC, na aliendelea, baadaye kwa televisheni, hadi 2002. Miaka mingi ya kazi hiyo alikuwa pia mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule za Hawick, na miongoni mwa watoto waliopita mikononi mwake ni Jim Renwick, Colin Deans na Tony Stanger, ambao wote waliichezea Uskoti. Mtu anayefundisha watoto kukimbia huona mwendo wa mtu kabla ya kuona uso wake, na jicho hilo ndilo lililombeba kazini.

Tuingie kwenye karatasi. McLaren alitayarisha kwa kila mechi karatasi moja kubwa, ukubwa wa fulskepu mbili zilizounganishwa, iliyojaa maandishi madogo ya rangi mbalimbali. Kila mchezaji alikuwa na sehemu yake: umri, urefu, uzito, klabu, shule, mechi alizoichezea nchi yake, pointi alizofunga. Sehemu kubwa ya hayo haikusemwa hewani kabisa. Wengi wanaoiga karatasi hiyo hawalioni jambo hili, wakadhani ni hotuba ya kusomwa. Faida kubwa ya kuandika kwa mkono ni kwamba mkono unakariri. Ukinakili orodha kwenye kompyuta kwa kubofya mara mbili, umepata karatasi lakini hujapata kumbukumbu.

Tengeneza yako hivi. Chukua karatasi ya A3, uilaze. Usiandike timu mbili kama orodha mbili za kwenda chini. Zichore kama zinavyosimama katika skramu (mafowadi wa timu mbili wakishikana na kusukumana kugombea mpira), zikitazamana. Kumbuka kwamba propu namba 1 wa timu moja anakabiliana na namba 3 wa timu ya pili. Ukiwapanga 1 kwa 1 umekosea tangu mwanzo, na skramu ikianguka utamlaumu asiyehusika. Nyuma ya mafowadi waweke 9 na 10, halafu masenta, na pembeni mawinga, 11 kushoto kwa timu yake na 14 kulia. Timu moja iwe ya wino mweusi, ya pili wa buluu, na wino mwekundu utunze kwa mambo mawili tu: mpiga mikwaju na nahodha. Chini ya kila jina weka mambo manne mafupi, kila moja lisizidi maneno kumi na mawili, kwa sababu nafasi utakayopata kulisema ni ile ya watu kutembea kwenda kwenye lainauti, yaani kupanga mistari ili mpira uliotoka nje urushwe ndani. Pembeni acha safu tupu ya kuandika pointi na dakika zake zinapotokea. Karatasi ibandike kwenye ubao mgumu kwa gundi ya utepe pande zote nne; upepo wa jukwaani umewahi kuwanyamazisha watangazaji wengi kuliko koo kavu.

Baada ya karatasi ni karata. McLaren alijizoeza kwa karata zinazowakilisha wachezaji: anazichanganya, anafunua moja moja, anataja jina. Sababu ya kuzichanganya ni ya msingi. Ukikariri timu kuanzia 1 hadi 15, umekariri wimbo: ili umpate namba 12 akilini lazima uanze tangu 1. Uwanjani hakuna foleni. Mpira unatoka kwa 9, unamruka 10, unafika kwa 13, anaukosa, 7 wa timu pinzani anauokota. Kata vipande vya kadibodi, 15 kwa kila timu, na kwa raga ya leo ongeza 8 wa akiba kila upande, jumla 46. Upande mmoja andika namba kwa rangi ya jezi, upande wa pili jina. Changanya timu zote mbili pamoja. Lengo ni kumaliza zote ndani ya dakika moja bila kigugumizi. Ukifika hapo geuza zoezi: tazama jina, taja namba na upande wake wa uwanja. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku tatu, wala usizifanye zote usiku wa kuamkia mechi, maana majina yaliyobebwa kwa usiku mmoja huanguka dakika ya 60 mwili unapochoka.

Karata zinakupa namba, na namba ndiyo kitu cha kwanza kumezwa na matope. Ndiyo maana McLaren alikwenda kwenye mazoezi ya timu kabla ya mechi, mfukoni ana peremende za kwao Hawick za kuwagawia wachezaji, akatazama. Ukienda wewe, simama nyuma ya lango, usikae pembeni. Ukiwa nyuma unawaona migongo, na mtangazaji humwona mchezaji kwa mgongo na ubavu mara nyingi kuliko kwa uso. Andika kwa kila mmoja alama moja ya mwili isiyobadilika: anavyokimbia mabega yakiwa juu, miguu ya matege, mkono anaobebea mpira, mguu anaopigia, kama anainama kabla ya kukaba au anabaki wima. Usitegemee kofia ya skramu, bendeji wala rangi ya viatu. Hivyo ni vitu vya kuvuliwa; mchezaji akivua kofia wakati wa mapumziko, umepoteza mtu wako. Siku ya mechi fika mapema, uwatazame tena wanapopasha misuli, na urekebishe.

Sasa lile ambalo wengi hudhani ni kipaji: kumtaja mtu asiyeonekana. Kwa kweli ni hesabu ya mahali. Raga imewagawa watu uwanjani, kwa hiyo kabla hujamwona mtu tayari umekwisha kuwaondoa wengi. Mpira ukiwa kwenye mstari wa kushoto wa timu inayoshambulia, watu wa kutarajia ni winga wao wa kushoto, fulbeki wao, na winga wa kulia wa wapinzani. Kutoka watu 30 umebaki na watatu, na alama ya mwili inamaliza kazi.

Chukua mechi ya England na Uskoti iliyochezwa Twickenham tarehe 20 Machi 1965. Uwanja ulikuwa tope tupu, Uskoti wakiongoza 3–0, dakika za mwisho kabisa. Andy Hancock, winga wa kushoto wa England, alipokea mpira ndani kabisa ya eneo lake, akashika mstari wa pembeni akakimbia takriban uwanja mzima hadi kufunga trai (kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) iliyoleta sare ya 3–3. Mtangazaji aliyekuwa amejiandaa alimjua kwa upande wake kabla ya hatua ya tatu. Aliyesubiri kuisoma namba angemtaja mtu akiwa amekwisha kuvuka nusu ya uwanja, na wewe msikilizaji ungekuwa umenyimwa nusu ya mbio hizo.

Hesabu hiyo ina udhaifu wake. Timu ikibaki pungufu, watu wanahama. Tarehe 1 Februari 1958, England walikuwa 14 kwa sababu ya majeruhi walipoifunga Australia 9–6 kwa trai ya dakika za mwisho ya Peter Jackson, winga wa kulia aliyewapangua walinzi kwa mwili wake akaangukia kona. Katika mechi za namna hiyo fowadi angeweza kutolewa kwenye skramu akacheza miongoni mwa mabeki, na mtangazaji aliyetegemea mahali peke yake angeanza kubatiza watu majina yasiyo yao. Leo kadi ya njano inaleta hali hiyo hiyo kwa dakika 10. Kwa hiyo mtu akitoka tu, jambo la kwanza ni kutazama nani amejaza pengo, hasa katika skramu ya kwanza inayofuata, na kuchora mshale kwenye karatasi yako.

Na usipomjua? Sema timu na kazi yake: “fowadi wa Nakuru ameubeba, amekabwa, mpira uko chini.” Fungu likifunguka na mtu akasimama, malizia kwa jina lake. Msikilizaji hachukii kusubiri sekunde tatu. Anachochukia ni kuambiwa jina, kisha jina jingine, kisha kuombwa radhi, na mchezo umekwisha kuhama. Kosa la jina likikutoka, rekebisha kwa neno moja ndani ya sentensi inayofuata na uendelee.

Redio ina deni jingine ambalo televisheni haina: mahali mpira ulipo. BBC walilijua hilo tangu matangazo yao ya kwanza ya mbashara ya mechi ya raga, England dhidi ya Wales, Twickenham, tarehe 15 Januari 1927. Mtangazaji alikuwa Teddy Wakelam, na mtayarishaji Lance Sieveking alimwekea mbele yake mtu asiyeona, ili Wakelam amsimulie yeye mchezo badala ya kuusimulia umma asioujua. Siku hizo gazeti la ratiba za redio lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa miraba yenye namba, na sauti ya pili ilitaja mraba mpira unapoingia. Miraba ilikuja kuachwa, lakini deni limebaki. Raga imekurahisishia kwa mistari yake: mita 22, nusu, mita 10, mstari wa trai, na kushoto au kulia kwa timu inayoshambulia. Kila mpira unapobadilisha mikono, taja mstari ulio karibu.

Matokeo nayo yatajwe hata unapoona umechosha. Seymour de Lotbiniere, aliyeongoza matangazo ya nje ya BBC kuanzia 1935, aliwafundisha watangazaji wake kujenga maelezo kama piramidi: kilele ni mahali, hali ya mchezo na matokeo, chini yake yanakuja maelezo mapana, kisha habari za pembeni zikiwa na nafasi. Anayefungua redio dakika ya 37 hajui lolote. Huko Marekani, Red Barber wa besiboli aliweka mezani saa ya mchanga ya dakika 3, na kila alipoigeuza alitaja matokeo. Simu yako inaweza kufanya kazi hiyo kwa kutetemeka.

Ukisikiliza au kusoma habari za mechi za zamani, usishangazwe na matokeo madogo. Trai ilikuwa pointi 3 hadi 1971 ilipofanywa 4, na 5 tangu 1992. Penalti ilikuwa 3 kama leo. Dropu, yaani mpira unaodundishwa chini na kupigwa langoni, ilishushwa kutoka 4 hadi 3 mwaka 1948. Ndipo utaelewa uchungu wa Julai 1959 kule Dunedin, ambapo British Lions, timu ya pamoja ya Visiwa vya Uingereza na Ayalandi, walifunga trai nne na Nyuzilandi hawakufunga hata moja, lakini fulbeki Don Clarke akapiga penalti sita na wenyeji wakashinda 18–17. Kwa hesabu ya leo Lions wangepata 25. Na kabla ya sheria kubadilishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, mchezaji yeyote aliweza kuupiga mpira moja kwa moja nje kutoka popote na timu yake ikapata eneo. Februari 1963 Wales waliifunga Uskoti 6–0 pale Murrayfield, na lainauti zilizohesabiwa zilikuwa 111, yaani moja kila sekunde 43 hivi. Nusu ya muda wa mtangazaji ilikuwa ya kujaza ukimya. Habari zile za shule na uzito wa mchezaji zilipata kazi hapo. Katika raga ya leo yenye mpira hai kwa muda mrefu, nafasi hiyo imepungua, basi punguza na habari zako.

Ukimya wenyewe ni chombo. Winston McCarthy wa Nyuzilandi alisafiri na timu ya jeshi lao, Kiwis, iliyozuru Uingereza na Ufaransa msimu wa 1945–46 ikiongozwa na nahodha Charlie Saxton. Watu wa nyumbani, mwisho wa dunia, walikesha redioni kumsikia. Mkwaju ulipopigwa aliwaambia wasikilize, akanyamaza, na mngurumo wa uwanja ukatoa jibu kabla ya yeye kutamka kwamba ni goli. Alimpa msikilizaji nafasi ya kusubiri kama aliyeko jukwaani. Jaribu, ila uwe na uhakika kwamba maikrofoni ya uwanja imefunguliwa; bila hiyo msikilizaji atadhani mitambo imekatika.

Kuhusu vifaa: tangu 1937 BBC walikuwa na maikrofoni ya utepe ya kushika mdomoni. Ina kipande kinachogusa mdomo wa juu, hivyo umbali kati ya mdomo na utepe haubadiliki, kama sentimita 5, na kelele za nyuma zinabaki nyuma. Mtangazaji angeweza kusema kwa sauti ya kawaida katikati ya watu elfu 70. Wewe pengine una ya kichwani. Iweke pembeni kidogo ya kona ya mdomo, siyo mbele, la sivyo kila “p” na “b” italipuka. Sikio moja liwe wazi kusikia filimbi. Na sauti usiipandishe mapema: mchezaji akivunja ukuta katikati ya uwanja, ongeza kasi ya maneno kwanza, sauti ipande akiingia mita 22, ili ukifika mstari wa trai bado una ngazi moja ya kupanda.

Lipo pia suala la upendeleo, ambalo katika redio ya mtaa ni gumu kuliko yote. Mwaka 1976 mkwe wa McLaren, skramhafu Alan Lawson, alifunga trai mbili dhidi ya England. McLaren alisifiwa maisha yake yote kwa kumtangaza mkwewe kama mchezaji mwingine yeyote. Cliff Morgan, flaihafu wa Wales aliyezuru Afrika Kusini na Lions 1955, alikuwa na moto zaidi kwa sababu alicheza mwenyewe. Yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha McLaren aliyekuwa mgonjwa tarehe 27 Januari 1973, Barbarians, timu ya wachezaji waalikwa, walipokutana na Nyuzilandi Cardiff, na trai ya Gareth Edwards ikasimuliwa kwa sauti yake. Moto wake ulifaa kwa sababu uliwahusu wachezaji wa pande zote mbili. Ziara hiyo ya 1955 iliishia Nairobi, kwa mechi dhidi ya timu ya Afrika Mashariki katika uwanja wa Ngong Road. Ukiambiwa kwamba Idi Amin alikuwa mchezaji wa akiba siku hiyo, kumbuka nilichosema juu: akiba hazikuwepo. Usiitaje hewani.

Mwisho ni majina yenyewe. Ukipata timu yenye Wafiji, Wafaransa au Wageorgia, mtafute meneja wao siku moja kabla, mwombe asome orodha yote, umrekodi kwa simu. Mchezaji mwenye jina gumu muulize mwenyewe anaitwaje na wenzake uwanjani. Liandike kwenye karata kwa silabi za Kiswahili, jinsi utakavyolitamka, na hilo ndilo liwe upande wa nyuma wa karata badala ya tahajia ya orodha rasmi.